Mara ya kwanza Beijing na mama mzazi: siku nne zipangweje?

Bint Mwambao (mwulizaji)

Wanajamvi, assalaam aleikum na habari za wakati huu.

Katikati ya mwezi Oktoba natarajia kwenda Beijing pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ameshavuka miaka sitini na magoti yake hayampi raha, hasa penye ngazi. Tutafika Jumamosi usiku na kuondoka Alhamisi alfajiri, kwa hiyo siku za kutembea ni Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ni mara yetu ya kwanza kufika China, hatujui Kichina, na tunapenda kutembea wenyewe bila kundi.

Nimesoma ratiba nyingi na kila moja inanichanganya kuliko iliyotangulia. Zipo zinazoweka Ukuta Mkuu asubuhi na Kasri la Kiangazi mchana wa siku hiyohiyo, na zipo zinazotaja vivutio ishirini bila kueleza kipi kiko jirani na kipi. Ningependa kujua kutoka kwa mliowahi kuishi au kutembea huko: tuanze wapi na tufuate utaratibu gani, ni sehemu gani ya Ukuta inayomfaa mtu wa magoti, tiketi zipi ni lazima zikatwe mapema, na chakula cha halali kinapatikana wapi bila kuhangaika. Mama ameniambia wazi kwamba akiona Ukuta na akiona walipokaa wafalme, mengine yote kwake ni nyongeza.

Natanguliza shukrani.

---

Mkaa Haidian

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Nilisoma Beijing, nami nimewapokea wageni wengi waliokuja na ratiba kama hizo unazozisema.

Kinachowachosha wageni ni kurukaruka kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine, kwa sababu umbali unaoonekana mfupi kwenye ramani hula saa nzima ndani ya treni ya chini ya ardhi, tena bado hujahesabu kutembea ndani ya vituo na foleni ya ukaguzi wa mikoba ambayo iko katika kila kituo. Hata hivyo jiji la kale lina mpangilio ambao ukishauelewa, ratiba inajipanga yenyewe. Lilijengwa juu ya mstari mmoja ulionyooka kutoka kusini hadi kaskazini, wenye urefu wa kilomita 7.8, kuanzia lango la Yongdingmen hadi Mnara wa Ngoma na Mnara wa Kengele, na mwezi Julai 2024 UNESCO iliuingiza mstari huo katika orodha ya urithi wa dunia. Hekalu la Mbinguni liko upande wa kusini wa mstari, Uwanja wa Tiananmen na Mji Uliokatazwa, yaani kasri walimokaa wafalme, viko katikati, na minara hiyo miwili pamoja na vichochoro vya kale, yaani hutong, viko kaskazini. Ushauri wangu ni kwamba mfuate mstari huo kipande kwa kipande: kusini Jumapili, katikati Jumanne, kaskazini Jumatano, na Jumatatu mtoke kabisa nje ya jiji kwenda kwenye Ukuta.

Jumatatu ina sababu yake. Mji Uliokatazwa na Makumbusho ya Taifa hufungwa siku hiyo, isipokuwa iangukie sikukuu ya umma, na bado kila wiki utawaona wageni wamesimama kwenye geti wakibishana na walinzi. Ukuta nao, siku ya kazi, una nafuu kuliko mwisho wa wiki. Pia mmechagua wakati mzuri, maana kuanzia tarehe 1 hadi 7 Oktoba nchi nzima huwa mapumzikoni na safarini, na mkifika katikati ya mwezi wimbi hilo litakuwa limeshapita. Chukueni masweta kwa sababu asubuhi kuna baridi.

Jumapili nendeni Hekalu la Mbinguni mapema, kabla ya saa mbili asubuhi ikiwezekana, na muingilie lango la mashariki, ambalo liko jirani na kituo cha Tiantandongmen cha njia namba 5. Ukilifikia mapema hutakuta hekalu tu. Wazee wa jiji hufika pale tangu alfajiri, wengine wanacheza dansi, wengine wanaimba kwa pamoja, wengine wamekaa kwenye ukumbi mrefu wenye paa wakicheza karata huku wamekunja nne kana kwamba wako barazani kwao, na mama atapata pa kukaa akiwatazama bila mtu kumsumbua. Jengo lenyewe la mviringo, ambalo mfalme alikwenda kuombea mavuno mema, lilianzishwa mwaka 1420, likaungua kwa radi mwaka 1889 na kujengwa upya. Lina nguzo 28 za mbao: 4 kubwa za katikati ni za majira ya mwaka, 12 ni za miezi na 12 za nje ni za vipindi vya siku kwa hesabu ya Kichina ya zamani. Tiketi ya bustani peke yake haikuruhusu kulisogelea jengo hilo, kwa hiyo kateni ile inayojumlisha yote.

Sasa Jumanne, ambayo ndiyo siku ya kupangiwa kwa uangalifu kuliko zote. Tiketi za Mji Uliokatazwa hukatwa mtandaoni, hufunguliwa siku 7 kabla, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Kwa hiyo Jumanne ya wiki iliyotangulia uwe tayari na namba za pasipoti zenu zote mbili, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti bila kukosea herufi, kwa sababu hakuna tiketi ya karatasi: pasipoti yenyewe ndiyo inayosomwa mlangoni. Kuanzia Aprili hadi Oktoba bei ni yuan 60, na majumba mawili ya maonyesho ndani yake, la Saa na la Hazina, yana tiketi yao ya yuan 10 kila moja. Uwanja wa Tiananmen ni bure, lakini nao unahitaji kuandikishwa mapema kwa pasipoti. Ikiwa mama hapendi msongamano, si lazima kuupitia uwanja: mnaweza kuja kwa upande wa mashariki, Donghuamen, mkaambaa na handaki la maji la kasri hadi lango la kusini la Wumen, ambalo ndilo pekee la kuingilia.

Kasri lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, likakaliwa na wafalme 24 wa nasaba za Ming na Qing, na tangu Oktoba 1925 ni makumbusho. Kutoka lango la kusini hadi la kaskazini ni mita 961, na wageni wengi huzitembea zote katikati, wakipanda na kushuka kila jukwaa la marumaru na kusukumana kwenye mlango wa ukumbi mkubwa wa Taihedian, ambao hata hivyo hauingiwi ndani. Mama hana haja ya mateso hayo. Mtazame Taihedian kutoka uani, ambako kwa kweli ndiko unakoonekana vizuri zaidi, kisha mpite pembeni kulia mkielekea kaskazini mashariki. Mwombe mama ahesabu vinyama vilivyopangwa kwenye pembe za paa: Taihedian ina 10, na ukumbi mdogo unaoufuata una 7, maana idadi ilikwenda na cheo cha jengo. Mtazame pia yale mapipa makubwa ya shaba ya kuwekea maji ya kuzimia moto. Baadhi yake yalipakwa dhahabu, na mikwaruzo mirefu mnayoiona ubavuni inasimuliwa kuwa ni ya askari wa kigeni waliolivamia jiji mwaka 1900 na kuikwangua dhahabu hiyo kwa visu vya bunduki.

Jumba la Hazina liko huko huko kaskazini mashariki, katika makao ambayo mfalme Qianlong alijijengea kwa ajili ya kustaafu. Kabla ya kuingia mtakutana na ukuta wa vigae wenye majoka tisa. Litafuteni lile jeupe, la tatu kutoka upande wa mashariki: sehemu ya tumbo lake ni mbao iliyochongwa na kupakwa rangi, na wenyeji husimulia kwamba fundi mmoja alivunja kigae akawahi kuziba pengo kabla wakubwa hawajaja kukagua. Tokeni kwa lango la kaskazini, na ng'ambo ya barabara mtaikuta bustani ya Jingshan yenye kilima kilichotokana na udongo wa handaki la kasri. Mama apumzike chini, wewe panda upige picha, kwa sababu juu pale ndipo mapaa yote ya manjano yanapoonekana kwa pamoja. Chini ya kilima hicho ndipo mfalme wa mwisho wa Ming, Chongzhen, alipojinyonga mwaka 1644.

Kuhusu Ukuta nawaachia wengine, ila kwa ninavyoona sehemu yake ya Badaling inatosha. Treni ya mwendo kasi kutoka kituo cha Qinghe inafika huko kwa muda usiozidi nusu saa au karibu yake, hukai kwenye foleni ya magari, na gari la waya la kuwapandisha mlimani lipo.

---

Abu Salma

Ratiba ya Mkaa Haidian naiunga mkono karibu yote, isipokuwa aya yake ya mwisho, ambayo kwa mtu wa magoti naiona ina hatari.

Ni kweli treni ni ya haraka. Lakini kituo cha Badaling kimechimbwa chini ya mlima kwa kina cha mita 102, na ingawa ngazi za umeme zipo, kutoka kwenye behewa hadi kuona jua ni safari ndefu ya kupandishwa, na baada ya hapo bado kuna mwendo wa kwenda kwenye gari la waya. Gari hilo linakushusha karibu na mnara wa nane wa upande wa kaskazini, ambao ni sehemu ya juu na ndiko kila mtu anakotaka kupigia picha. Sakafu ya Ukuta hapo imeinama sana, watu wanashikilia vyuma vya pembeni, na mzee akisimama kupumzika anasukumwa na makundi yanayoshuka. Badaling ndiyo sehemu iliyofunguliwa mapema na iliyopokea wakubwa wa dunia, akiwemo rais Nixon wa Marekani mwaka 1972, na kwa sababu hiyo makampuni ya utalii yote hupeleka watu huko.

Nendeni sehemu nyingine ya Ukuta, Mutianyu. Iko kilomita zipatazo 70 kaskazini mashariki, haina treni, na ndiyo maana ina utulivu. Kuna magari mawili tofauti ya kupandia, na hapa wengi hukosa kuelewa. La kwanza ni gari la waya la kufungwa, ambalo linakupeleka mnara namba 14. La pili ni viti vya wazi vinavyokupeleka mnara namba 6, na huko ndiko kunakoanzia kile kijigari cha kuteleza kwenye mfereji wa chuma hadi chini, ambacho Michelle Obama alikitumia alipokuja mwaka 2014. Magari haya yana tiketi tofauti, kwa hiyo usikate tiketi ya kupandia huku na kushukia kule. Kwa mama chukua la kufungwa, kwenda na kurudi. Mkifika mnara wa 14, mgeuke kuelekea minara yenye namba ndogo, na si ya 20, kwa maana upande wa 20 mwisho wake ni ngazi zilizosimama kama za kupandia darini. Mama anaweza kutembea kadiri anavyopenda, akaketi, na bado akauona Ukuta ukipanda na kushuka milima mpaka unapotea, jambo ambalo ndilo alilolifuata. Katikati ya Oktoba majani ya milimani huanza kubadilika rangi, jambo ambalo peke yake linastahili safari. Kwa wanaopenda kuangalia kwa makini, Ukuta wa Mutianyu una meno ya kujikinga pande zote mbili, wakati sehemu nyingi nyingine zina upande mmoja tu, ule wa adui.

Siku hii ndiyo ambayo ningelipia gari na dereva kupitia hotelini. Ni kama saa moja na nusu kila upande mkiondoka mapema, na dereva anawasubiri. Mkubaliane kwa maandishi kwamba haingii kwenye maduka ya vito wala ya hariri njiani. Safari za makundi za bei ya chini sana zinafidiwa na maduka hayo, na nilishapotezewa nusu ya asubuhi namna hiyo na wakala mmoja.

Kuhusu chakula, Jumapili mkitoka Hekalu la Mbinguni pandeni tena njia namba 5 kituo kimoja tu kuelekea kaskazini hadi Ciqikou, mbadilishe kwenda njia namba 7 upande wa magharibi, mshuke Guang'anmennei. Mtaa wa Niujie uko jirani, na ndio mtaa mkongwe wa Waislamu wa Beijing. Kuna nyama ya kondoo inayochemshwa mezani kwa vipande vyembamba, mikate ya kukaanga, na vitamutamu vya mchele ambavyo watu hupanga foleni ndefu kuvinunua. Msikiti wa Niujie ulianzishwa mwaka 996 na kwa nje mtadhani ni hekalu la Kichina, kwa mapaa yake yaliyopinda na mbao nyekundu. Ndani maandishi ni ya Kiarabu, kuna mnara wa pembe sita wa kutazamia mwezi, na uani kuna makaburi ya masheikh wawili wa zama za Yuan waliokuja kutoka nchi za mbali. Waislamu huingia bure kwa ajili ya swala. Mpange muwe hapo adhuhuri.

Kwingineko jijini tafuteni mikahawa yenye kibao cha kijani chenye maandishi ya Kiarabu au neno Qingzhen, yaani halali. Migahawa midogo ya tambi za nyama ya ng'ombe za mtindo wa Lanzhou iko karibu kila mtaa, na kwa kawaida wenyewe ni Waislamu.

---

Bint Mwambao (mwulizaji)

Nawashukuru sana, kaka zangu. Mama amesomewa yote na ameshachagua Mutianyu, ingawa ameuliza mara mbili kama kile kijigari cha kuteleza ni lazima.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, ni kweli kwamba fedha taslimu hazipokelewi? Na Jumatano mmeielekeza kwenye vichochoro vya kaskazini, lakini mimi nilitamani Kasri la Kiangazi. Je, niliache?

---

Msomaji wa Ramani

Swali la fedha kwanza, dada. Taslimu bado ni fedha halali na mtu anapaswa kuipokea, ila mwuza maji wa kando ya njia anaweza akakosa chenji, kwa kuwa wateja wake wote hulipa kwa simu. Kabla hujaondoka nyumbani, weka Alipay, programu ya kulipia kwa simu, kwenye simu yako, uisajili kwa pasipoti na uiunganishe na kadi yako ya benki ya kimataifa. Tangu mwaka 2023 jambo hilo limekuwa jepesi kwa wageni. Malipo ya chini ya yuan 200 hayakatwi ada ya ziada. Ufanye hivyo ukiwa kwenu, kwa sababu benki yako inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwa simu ambayo huko haitashika mtandao. Pia tembea na noti ndogondogo za akiba. Ramani na mitandao uliyoizoea, ikiwemo Google na WhatsApp, imezuiwa kule, kwa hiyo shughulikia jambo hilo mapema kwa laini ya nje yenye huduma ya kuzurura (roaming), na majina ya hoteli na vivutio uyahifadhi kwenye simu kwa maandishi ya Kichina ili dereva ayasome.

Kijana mchangamfu anayezungumza lugha ya kigeni kwa ufasaha akiwakaribisha kunywa chai karibu na Tiananmen au mtaa wa Wangfujing, mshukuruni mpite. Bili ya chai hiyo huja na tarakimu ambazo hamkuzitarajia.

Sasa Jumatano. Kasri la Kiangazi usiliache, na hapa natofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu mstari wao ni mzuri kwa miguu lakini unamnyima mama sehemu tulivu kuliko zote. Robo tatu ya eneo lake ni ziwa. Majengo ya awali yalichomwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1860, na malkia mjane, Cixi, akayajenga upya na kuyapa jina la sasa mwaka 1888, kwa fedha ambazo wanahistoria wengi wanasema zilitakiwa kwenda kwenye jeshi la majini. Miaka michache baadaye, 1894 hadi 1895, jeshi hilo lilishindwa na Japani. Ndani ya kasri mtaiona merikebu ya marumaru, ambayo haijawahi kwenda popote, na kila Mchina anayesimama mbele yake anaijua habari hiyo.

Jambo la kuzingatia ni lango. Programu za ramani zitawaelekeza mshuke kituo cha Beigongmen, njia namba 4, kwa kuwa ndicho kilicho karibu zaidi na geti. Lakini geti hilo la kaskazini liko nyuma ya Kilima cha Maisha Marefu, na njia ya moja kwa moja ya kufika ziwani inakipanda na kukishuka. Kwa hiyo mshuke kituo cha Xiyuan, mtembee taratibu kama dakika kumi na tano hadi lango la mashariki, na kutoka hapo njia ni tambarare hadi ziwani. Mtaingia kwenye Ukumbi Mrefu, ambao una paa, una urefu wa mita 728, na boriti zake zimejaa picha za hadithi, ndege na mandhari. Pembeni kuna mabenchi mwanzo hadi mwisho, hivyo mama anaweza kukaa kila baada ya hatua chache na kutazama juu. Msipande kwenye mnara wa kilimani. Ukumbi unaishia karibu na merikebu ya marumaru, na jirani yake kuna gati: badala ya kurudi kwa miguu, pandeni mashua iwavushe ziwa.

Mkiondoka mapema baada ya chakula cha mchana, mstari wa kaskazini bado mnauwahi. Chukueni njia namba 4 hadi Xizhimen, mbadilishe kwenda njia namba 2, mshuke Guloudajie. Mnara wa Ngoma una ngazi kali sana ndani, kwa hiyo mama asiupande. Kaeni kwenye uwanja mdogo ulio kati ya minara miwili, ambako wakazi wa vichochoro hutoka jioni kucheza na watoto wao. Mkitaka kuzunguka hutong kwa baiskeli ya magurudumu matatu, bei ikubaliwe kabla ya kupanda, iandikwe kwenye simu, na ieleweke kama ni ya wote wawili au ya kila mtu.